Clothilde juu ya Ngamia

Siku nilipokutana na Clothilde kwa mara ya kwanza, muuguzi alimuuliza kama kuna kitu chochote kinachomtia hofu nyumbani kwake. Ni swali wanalomuuliza kila mwanamke katika kliniki ile ya Houston, na mimi nilikaa katikati yao kama mkalimani. Clothilde alifikiri kidogo, mikono yake juu ya mkoba.

"Ngamia," alisema.

Nikamgeukia. "Hapa mtaani Sharpstown, mama?"

"Hapana, hapa haiko. Kule Kakuma. Lakini huyu ameuliza hofu, na mi nasema kweli."

Nikatafsiri kama alivyosema, maana ndiyo kazi niliyoapa kuifanya. Muuguzi akaandika kitu kwenye kompyuta, na mpaka leo sijui aliandika nini. Tulitoka pale tukicheka hadi kwenye maegesho. Ilikuwa Februari mwaka 2017. Yeye alikuwa na miezi mitatu Marekani, mimi miaka kumi na minne.

Clothilde ni mzaliwa wa Fizi, mashariki ya Kongo. Vita vilipomtoa huko alifika na mumewe Tharcisse katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakiwa na watoto wawili, Matumaini wa miaka sita na Parfait ambaye bado alibebwa mgongoni. Walidhani watakaa mwaka mmoja. Walikaa kumi na minne. Walifyatua matofali ya udongo wakajenga nyumba, wakaizungushia ua wa matawi ya miiba, na humo akazaliwa Orpa, kitinda mimba. Ngamia wa Waturukana, wenyeji wa eneo lile, walipita hapo kila siku, nao walipenda sana ule ua. Clothilde alikuwa akiamka asubuhi anakuta nusu ya ukuta wake imeliwa. Siku moja alitoka na mwiko wa ugali kumfukuza mmoja wao, ngamia akamtemea uso mzima mbele ya wanakwaya wa kanisa lake. Aliyemwokoa ni Matumaini, wakati huo ana miaka tisa. Alimwendea yule mnyama taratibu, akatoa sauti fulani ya ulimi kwenye kaakaa, sauti aliyofundishwa na mama wa Kiturukana aliyekuwa akija kubadilisha maziwa kwa unga, na ngamia akageuza shingo akaenda zake.

Hadithi hii niliisikia mara nyingi. Clothilde sasa anatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Missouri City, si mbali na kwangu, na jioni hunywa chai jikoni kwangu akimsubiri Tharcisse atoke kiwandani, kwenye kazi yake ya madirisha, aje amchukue. Hapo jikoni ndipo nilipofahamu kwamba watu hawa wanakumbuka Kakuma kama wengine wanavyokumbuka kwao. Walikuwa wakilitaja hilo kwa aibu kidogo. Nani hukumbuka kambi ya wakimbizi? Orpa aliwahi kuandika insha shuleni juu ya mahali alipozaliwa. Aliandika kuhusu upepo wa vumbi la saa nane, na mto mkavu ambao wao wanauita laga, na jinsi maji yanavyokuja ghafla humo mvua ikinyesha mbali usikokuona. Mwalimu alimwita pembeni akampa karatasi laini ya kufuta machozi.

"Nami sikuwa nalia," Orpa aliniambia. "Nilikuwa nimeandika kitu poa."

Kanisani kwao hakuna anayemwita Clothilde kwa jina lake. Ni Mama Matumaini, kwa desturi ya kumwita mwanamke kwa mtoto wake wa kwanza. Lakini huyo Matumaini hakuwa Houston. Alibaki Kakuma peke yake, na kubaki kwake kulitokana na jibu moja la mama yake.

Matumaini alizaliwa na Marguerite, dada mkubwa wa Clothilde. Marguerite alikufa wakati wa vita, mtoto akiwa na miaka miwili. Clothilde alikuwa na miaka ishirini, hajaolewa, akamfunga yule mtoto mgongoni na tangu siku hiyo akawa wake. Kwao, kama kwa wengi wetu, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, wala hapo hakuna jambo la kueleza. Na mtoto humwambii kwamba kuna mwingine aliyemzaa. Umwambie ili iweje? Mtoto mwenye mama haitwi yatima. Tharcisse alijua, kwa sababu alimwoa Clothilde na mtoto mgongoni. Parfait na Orpa hawakujua. Matumaini mwenyewe hakujua.

Katika usaili wa kwanza wa safari ya Marekani, Clothilde alitaja watoto watatu, na hakuona kuwa amesema uongo. Usaili wa pili ulikuwa na ofisa mwingine, aliyemwambia anyanyue mkono wa kulia na kuapa. Kisha akamuuliza kuhusu mtoto mmoja mmoja: mimba ya huyu ulikuwa nayo wapi? Clothilde ni mtu anayejibu swali aliloulizwa. Kwa Matumaini alisema, "Mimba ya huyu sikuibeba mimi. Aliibeba dada yangu, marehemu." Ofisa akaweka kalamu chini. Faili likagawanywa kuwa mawili. Matumaini alikuwa ameshatimiza miaka kumi na minane, wakamfungulia lake, wakasema atafuata baada ya miezi sita. Familia ilipanda ndege Novemba 2016. Miezi miwili baadaye wakimbizi wakafungiwa mlango wa Marekani, na ulipofunguliwa tena, ulifunguliwa ufa tu. Faili la Matumaini likawa linasubiri.

Bado walizungumza kila Jumapili, hadi Machi 2019. Mwezi huo Matumaini aliitwa ofisini Kakuma kuhakiki habari zake, na mtu asiyemfahamu akamsomea kutoka kwenye karatasi kwamba mwanamke anayemwita mama alitamka kwa kiapo kuwa hakumzaa. Jioni ile alituma ujumbe mmoja: "Kumbe ofisi ilijua, mimi sikujua." Kisha akanyamaza.

Alinyamaza miezi minane. Clothilde aliendelea kumtumia sauti yake kila Jumapili baada ya ibada. Alimwambia tunakuombea. Alimwambia pokea simu, mwanangu, baridi imeanza, Orpa amekuwa mrefu. Alama mbili za bluu zilionyesha kwamba Matumaini amesikiliza. Jibu halikuja. Clothilde alikonda, na kanisani walipomwita kwa lile jina aliitika polepole, kama mtu aliyevaa nguo aliyoazima.

Wazo la ngamia lilitoka kwa Orpa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano. Aliona mtandaoni kwamba magharibi ya Texas, jangwani, kuna mzee anayepandisha watu ngamia.

"Mama akipanda ngamia, yaya atacheka," alisema jikoni kwangu. Yeye humwita Matumaini yaya, yaani dada mkubwa. "Akicheka atajibu. Hawezi kucheka hivyo peke yake."

"Mi sipandi," Clothilde alisema.

"Miaka kumi na minne tumekaa na ngamia hatujawahi kupanda hata mmoja," Parfait akadakia. "Waturukana wenyewe hawapandi. Wanakunywa maziwa tu."

"Sasa unaona? Mwenye mali hapandi, mi nani?"

Tharcisse alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. "Mama Matumaini," alisema kwa upole, "wewe umejaribu maneno yote. Jaribu hii."

Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani kiwanda kilifungwa. Tulikodi gari la viti saba, nami nikaenda kumsaidia Tharcisse kuendesha. Kutoka Sharpstown mpaka Fort Stockton ni mwendo wa saa nane na zaidi. Baada ya San Antonio miti ikaanza kufupika. Tulipovuka vilima vya chokaa ardhi ikalala, rangi ya mchanga na majivu, na gumzo likapungua garini. Nilidhani wamechoka. Nilipotazama kwenye kioo nikaona Parfait ameegemeza paji la uso dirishani.

"Fungua kidogo, baba," alisema.

Tharcisse akafungua. Upepo mkavu ukaingia. Mimi ni mtu wa Bukoba, kwetu ni migomba na mvua. Jangwa lile halikunikumbusha chochote, nikabaki kuwatazama wao.

Tulilala katika nyumba ya wageni kando ya barabara, na Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa kwa mwenye ngamia, mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na sauti ya chini. Ngamia walikuwa watatu, wamepiga magoti kwenye baridi, moshi ukiwatoka puani. Nyuma yao kulikuwa na vichaka vyenye harufu kama ya mvua ya kwanza, na zaidi ya hapo mto mkavu.

"Laga!" Orpa akapiga kelele. "Mama, ona laga!"

Clothilde hakuangalia laga. Alikuwa akimwangalia ngamia wa mwisho, dume la rangi ya kahawia lenye mdomo wa dharau. Nalo lilikuwa likimwangalia.

"Huyu ananijua," alisema.

"Ni mtoto wa yule wa Kakuma," Tharcisse akasema. "Alikuja mbele yetu. Faili yake haikusumbua."

Wote wakacheka, hata Clothilde, kisha kicheko kikakatika kwa sababu ya neno faili. Ili kukifufua, Parfait alimsogelea ngamia akatoa ile sauti ya dada yake, ulimi kwenye kaakaa. Ngamia hakutikisa hata sikio. Mzee mwenye kofia akatamka neno moja fupi kwa Kiingereza, mnyama akajiweka sawa mara moja.

"Huyo hata lugha ya nyumbani hasikii," Tharcisse akasema. "Kama batoto yangu."

"Baba, mi nasikia," Orpa akasema, simu tayari mkononi. "Mama, panda. Na-record."

Clothilde alijifunga kanga juu ya koti, akaikaza kama mtu anayekwenda kuchota maji. Aliweka mguu, akautoa. Akauweka tena. Mumewe alimshika kiuno akamsukuma juu, huku yeye akimwita Yesu kwa sauti iliyomfanya mwenye ngamia avue kofia. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na hili hakuna aliyemwambia. Alitupwa mbele karibu abusu shingo, kisha akatupwa nyuma, kisha akawa juu, juu kabisa kuliko sisi sote, macho ameyafumba.

"Shika kama ulivyonishika siku ya ndoa!" Tharcisse akamwambia.

"Siku ile sikushika! Wewe ndiyo ulishika!"

Orpa alipanda ngamia wa mbele, akageuka kinyumenyume kwenye tandiko ili amrekodi mama yake. Parfait akachukua wa tatu. Mimi na Tharcisse tulitembea kando kwa miguu, na mzee aliongoza kamba. Tuliingia kwenye mto mkavu. Mchanga ulikuwa laini, na nyayo za ngamia hazikutoa sauti, ila mikanda ya tandiko ilikuwa ikilia polepole. Clothilde akafungua jicho moja, halafu la pili. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu, na kingo za laga zilikuwa nyekundu.

"Sema kitu kwa yaya," Orpa akasema. "Mwambie uko wapi."

Nilitegemea mzaha. Nafikiri hata yeye alitaka kufanya mzaha, kwa kuwa alifungua kinywa akitabasamu. Kisha ngamia akateleza kidogo, Clothilde akashika tandiko kwa mikono miwili, na alipopata pumzi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Matumaini," alisema. "Naogopa sana hapa. Siwezi kushuka mpaka huyu bwana aseme. Basi nakuambia hapa hapa, maana nikiwa chini nakimbia."

"Mama yako aliitwa Marguerite," akaendelea.

Tharcisse aliacha kutembea. Mimi nikaacha. Ngamia waliendelea, ikabidi tuwafuate tena kwa haraka ili tusikose kusikia.

Miezi minane ya sauti za Jumapili hakuwahi kulitaja jina hilo. Sasa alilitaja tena na tena, macho kwenye ile simu ndogo iliyokuwa ikiyumba mbele yake. Alisema Marguerite alikuwa na homa siku tatu na dawa hazikuwepo kwa sababu barabara zilifungwa. Alisema mtoto alikataa uji kwa mtu yeyote, akakaa mlangoni na bakuli. "Mi nilikuwa msichana tu, sikujua kulea. Nikakufunga mgongoni nikakuzungusha kijiji kizima mpaka ukalala. Ukaamka ukaniita mama. Hukuambiwa na mtu. Nikaitika. Ningekataa namna gani? Na nikishaitika, nitasema lini kwamba siyo mimi? Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Yule mtu aliponiapisha nilisema kweli kwake, na wewe nilikuwa nimekuficha. Hiyo ndiyo kosa yangu. Siyo kukukana. Sikukukana hata siku moja. Nilimwambia mgeni kitu ambacho kilikuwa chako."

Kwenye tandiko la mbele Orpa alikuwa akilia bila kuutikisa mkono ulioshika simu. Mwenye ngamia hakuelewa neno, lakini aliongeza mzunguko, akatupitisha mbali zaidi kuliko tulivyopatana.

Kushuka, Clothilde alianguka mikononi mwa mumewe. Hakuuliza kama picha zimetoka vizuri. Aliuliza kitu kimoja tu: "Imeenda?"

Haikuwa imeenda. Huko jangwani simu haikuwa na mtandao. Tukapanda gari, Orpa kiti cha mbele, simu imeinuliwa kwenye kioo kama taa. Maili kumi, hakuna. Maili ishirini. Clothilde nyuma alikuwa akisugua mikono yake, ile mikono inayogeuza wazee kitandani kila siku.

"Labda Mungu ameona isiende," alisema.

"Mungu hana shida na mtandao," Tharcisse akajibu.

Saa tano hivi, kwenye kituo kimoja cha mafuta, simu ikaamka. Tharcisse akasimamisha gari pembeni, mbali na pampu. Video ilikuwa ndefu, ikapanda taratibu, na sote tulitazama ule mduara mdogo ukijaa. Kakuma ilikuwa saa mbili usiku. Alama moja. Alama mbili. Kisha zikawa bluu.

Video ilikuwa ya dakika tisa. Parfait alianza kuhesabu dakika kwa sauti, baba yake akamwambia anyamaze. Dakika tisa zikapita, zikapita kumi na tano. Malori yalipita barabarani, gari letu likatikisika kila mara. Nilimnunulia Clothilde kahawa, ikapoa mkononi mwake. Nusu saa. Tharcisse aliweka mkono kwenye ufunguo, akamtazama mkewe kwenye kioo, akautoa mkono.

"Tuende tu," Clothilde akasema. "Amesikia. Nilitaka asikie."

Hakuna aliyeenda. Kule mbele mtandao ungepotea tena, na sote tulilijua hilo.

Simu ilipolia, ilikuwa ujumbe wa sauti, sekunde chache. Orpa aliipandisha sauti, na gari zima likajaa kelele za kuku, mbwa, na jenereta ya mtu, usiku wa Kakuma. Kwanza tulisikia mtu akipumua. Halafu sauti ya msichana mkubwa, nzito kwa kulia, yenye Kiswahili cha Kenya:

"Mama. Huyo Marguerite, alikuwa mrefu kama mimi?"

Clothilde alichukua simu mikononi mwake. Alibonyeza pale pa kuongea, akaachia, akabonyeza tena.

"Alikushinda kidogo," alisema. "Alikuwa akiinama kupita mlangoni kwa baba. Na alikuwa na mwanya, hapa mbele. Na alikuwa mkali, ee, alinichapa mara ngapi kwa ajili ya samaki niliyounguza. Ngoja, mwanangu, ngoja nikuambie yote. Usilale."

Tharcisse alichomoa ufunguo, akashuka. Orpa akafungua mlango, akaenda kukaa ukingoni mwa barabara na kaka yake, nikawafuata ili mama na mwanawe waongee. Jua lilikuwa limepanda, na vivuli vyetu vilikuwa vimelala kwenye changarawe. Kwa mbali, kupitia kioo, nilimwona Clothilde akionyesha kwa mkono kimo cha mtu, juu ya kichwa chake, ingawa aliyekuwa akimwonyesha hakuweza kuuona mkono huo.